Nusu Mzunguko wa Skrubu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kampuni pale Msambweni sikupewa hata spana. Forman Bakari alinipa kitambaa cheupe, akaniambia nikishike nyuma ya egzosi ya lori huku yeye akikanyaga mafuta. Kilipoingia weusi akaniita. "Umeona? Hiyo ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza." Bendera mpya ilikuwa imepanda juzijuzi tu, kila kijana akitaka cheo, na mimi naambiwa nishike kitambaa! Nilinuna siku nzima.

Nyinyi vijana mnachomeka kompyuta, gari linajieleza lenyewe. Sisi tulitumia macho, masikio na pua. Boza letu, lile lori la tangi la maji, lilikuwa na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye ingini, nayo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuongeza dizeli ukapata nguvu. Lakini hewa ikipungua na dizeli ikabaki ile ile, joto linapanda mpaka pistoni inayeyuka. Kwa hiyo Forman alipima kwa siku mbili, kisha akaifunga skrubu ya pampu, ile inayoamua dizeli iingie kiasi gani, kwa waya na kipande cha madini ya risasi. Hiyo ndiyo sili.

"Skrubu hii ni yangu peke yangu," alisema. "Nimeacha nafasi ya vumbi."

Sikumwuliza nafasi ya vumbi ni kitu gani. Nilijiona najua.

Dereva wa boza alikuwa Ndoro, Mduruma mcheshi aliyekuwa akiniita "Injinia" ili kunichokoza. Alioa ubarani, upande wa Mackinnon Road, na mwaka ule wa ukame kijiji cha wakweze hakikuwa na maji mengine ila yale aliyopeleka yeye. Wakwe walimpenda, masikini, kama waliyemzaa.

Forman akapata msiba kwao Mkwiro, akaondoka kwa juma zima. Meneja akaja karakana amekunja uso. "Boza linatambaa mlimani Kwale kama kobe. Hakuna fundi hapa?"

Nikajibu, "Yupo, bwana."

Ndoro alikuwa ameingia hotelini kunywa chai. Nilikata sili, nikazungusha skrubu nusu mzunguko, nikashika kitambaa kwenye egzosi. Kilitoka na kivuli kidogo tu cha weusi. Asubuhi ile ilikuwa ya ubaridi, upepo wa bahari hauna vumbi. Nikafurahi! Ndoro alipowasha gari alitoa kichwa dirishani. "Injinia, leo limeamka vipi hili?" Nikacheka tu, sikumwambia.

Mlima aliupanda vizuri. Lakini kupita Kinango ni vumbi jekundu, na vumbi likaziba chujio la hewa. Tabo ikakosa cha kusukuma, dizeli yangu ya ziada ikazidi kumiminika. Pistoni mbili zikayeyuka. Ndoro akaliacha gari, akatembea siku nzima kutafuta msaada. Aliporudi, wapita njia walikuwa wamefungua bomba, tangi halina tone.

Kijijini walingoja siku sita. Ng'ombe walikufa, na mzee mmoja pia alikufa.

Inspekta wa kampuni akatuweka mstari karakana. Wakati ule madereva wengine walikuwa na desturi ya kukata sili ili wapate mwendo, kwa hiyo alimwuliza Ndoro peke yake; Meneja naye hakutaja kwamba ndiye aliyedai mwendo. "Umekata sili, ukayeyusha ingini, ukauza maji. Sema."

"Wallahi sijagusa. Na maji sikuuza."

Ndoro akanitazama. Hakuwa akinishuku, alitaka nimtetee tu, kwamba yeye si mtu wa namna hiyo. Nikainamisha macho. Naliogopa kufukuzwa, na naona haya kulisema hilo mpaka leo. Forman alirudi akaishika ile skrubu, akanitazama sana, lakini hakuniuliza. Tangu siku hiyo hakunifundisha tena kitu.

Ndoro alifukuzwa. Maneno ya kuuza maji yakamtangulia kwa wakweze, baba mkwe akaja kumchukua binti yake pamoja na watoto wawili. Mimi nikapanda. Nikawa fundi wa pampu, kisha forman Ukunda, kisha mkuu wa karakana. Nilistaafu kwa hotuba na saa ya ukutani. Walinisifu kuwa mwaminifu.

Baada ya kustaafu, ndipo nilipopata ushujaa, nilipokuwa sina cha kupoteza. Niliambiwa Ndoro amefariki zamani, akiwa mpweke, akiponda kokoto. Nikaenda ubarani kumtafuta aliyekuwa mkewe. Nilimkuta mtu mzima, anapepeta mahindi.

Nikamweleza yote, sili, skrubu, vumbi, na siku ile ya Inspekta. Alisikiliza bila kusimamisha ungo.

"Alikuja hapa mara tatu," alisema. "Mara ya tatu nilimwita mwizi mbele ya watoto wake. Hakuja tena."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Akaweka ungo chini. "Mimi nikusamehe wewe," akasema. "Haya. Na mimi niende kwa nani?"