Kaburi Lililokataa Rangi

Msiniambie niliota. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, na macho yangu hayana kasoro. Nikikumbuka hadi leo nakasirika, sitaficha.

Mimi huchora mabango hapa Matisi, Kitale: ya vinyozi, ya hoteli, ya kuku wa kienyeji. Mama yangu, ninayeishi naye hapa, miguu imemkataa, hawezi tena kusafiri hadi bomani kwetu karibu na Kibabii, kwenye kaburi la baba. Akaniomba nimchoree boma lile, kaburi likiwemo, atundike ukutani. Nikanunua rangi za mafuta, nikaanza kujifunza.

Baba sikumjua. Alienda kutafuta kazi nikiwa mchanga, hakurudi. Miaka ilipozidi, wazee walizika mgomba mahali pake, kama tunavyofanya mtu asipopatikana, ili mama aache kungoja. Na aliacha, baada ya kulia sana.

Basi nikasafiri hadi bomani; nimekaa pale nachora, mzee mmoja akasimama nyuma yangu na koti la mvua, jua kali vile. Hakusalimu. Alianza kunikosoa, ati ule mlima unaoonekana mbali nyuma ya boma nimeupaka kijani kama ukuta wa hoteli, na vitu vya mbali hupauka, huingia buluu. Nilipomsikiza, mlima ukarudi nyuma, ukakaa mahali pake. Siku tatu alinifundisha hivyo, na nakiri nilimpenda.

Lakini kila nikichora kaburi, alichukua kitambaa chenye tapentaini akalifuta.

"Hapo hakuna mtu," alisema. "Chora kenye unaona, si kenye unajua."

"Mzee, hiyo ni kaburi ya babangu."

"Ulimwona akiingia?"

Hebu niambie, mgeni gani huongea hivyo katika boma la watu? Siku ya tatu alininyang'anya brashi, akaweka mtu mdogo kwenye njia ya kuingia bomani, mwenye koti kama lake. Kisha akapita katikati ya mahindi, na niamini, hata jani halikutikisika. Nikamuuliza jirani aliyekuwa akipalilia hatua chache tu kutoka hapo, yule mzee ni wa nani. Akaniangalia kwa huruma. Alisema siku zote tatu alinisikia nikibishana peke yangu.

Nilimpelekea mama picha nikiona haya kwamba haina kaburi. Hakulitafuta. Aliweka kidole juu ya yule mtu.

"Hiyo koti nilishona kifungo asubuhi yenye alienda," alisema. "Si mliniambia nisimngoje?"

Tangu hapo mama hupakua sahani ya tatu kila jioni, na hataki mlango ufungwe. Kaburi nimelipaka tena mara nne. Picha nzima imekauka, lakini hapo rangi huteleza kama maji kwenye jani la nduma.

Huyo mtu alipata siku tatu za kunifundisha rangi ya milima. Kufika Matisi kumwambia mama neno moja kulimshinda nini?

Wewe unayejifunza kuchora nje, mtu akija kukusahihisha, muulize jina kabla hajashika brashi yako. Mimi sikuuliza. Leo asubuhi mama amesikia hatua nje, akanituma mbio nikamkaribishe. Nimeenda. Alikuwa mtu wa maziwa, na sasa ni mimi wa kurudi ndani kumwambia.