Nimejaribu triga mbili za bastola ya upepo, kisa kidole nilichokuwa nakificha

Wakuu, heshima kwenu. Hiki ni kisa changu mwenyewe, chumvi sijaweka.

Nipo London, naishi Hayes, kibarua changu ni warehouse karibu na airport. Jumamosi nalenga shabaha kwenye club ya bastola za upepo, zile za kutoboa karatasi. Kwa hiyo msianze maneno, za risasi za moto huku raia hatembei nazo.

Mwaka jana pallet ya mizigo ilinibana kidole cha shahada. Kikapona kigumu, hakikunjiki vizuri.

Nikanyamaza. Niliogopa club wakijua wataniondoa kwenye timu, na ile Jumamosi ndiyo starehe pekee niliyonayo mji huu.

Triga ya kiwandani, yaani kile kifyatulio bastola iliyokuja nacho, ikawa inanitesa. Nikaagiza nyingine online, imenyooka kama rula, laini mno. Nikaifunga mwenyewe jikoni, nikajiona fundi.

Sasa siku ya mashindano kuna utaratibu. Bastola ikiwa haina risasi, triga yake inaning'inizwa uzito wa nusu kilo, kisha bastola inanyanyuliwa taratibu kutoka mezani. Ikifyatuka, umefeli.

Yangu ilifyatuka hata uzito haujaachana na meza.

Mkaguzi alikuwa Mzee Jayanti, Mhindi wa Kenton, hapa hapa London, aliyezaliwa Mwanza. Kiswahili anawashinda baadhi yenu humu.

"Nani kakufungia hii?"

"Mimi, mzee."

"Ungemtoboa mtu jicho. Leo hupigi."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Akanivuta pembeni. "Haya, sema kweli. Mkono una nini?"

Nikamwonyesha. Akanyoosha wa kwake. Kidole kile kile, pingili ya mwisho haipo! Miaka mitatu nampa mkono huo na sijawahi kuuangalia.

"Mimi napiga hivi hivi tangu ujana," akasema. "Kesho njoo dukani kwangu, ndiko ninakotengeneza bastola hizi."

Jumapili nikaenda. Akanifungia triga ya pili, pana, imepinda kidogo, na unaweza kuisogeza mbele na nyuma. Akaisogeza mpaka ikafika kidole changu kinapoishia. Akaupima uzito wa kuivuta, akauacha pale pale sheria inapotaka.

Kumbe miezi yote hiyo shida yangu haikuwa uzito, ilikuwa umbali.

Kwa mnaotaka ulinganisho: ile nyoofu inapendeza kwenye picha, ila inakutoka kabla hujawa tayari. Hii pana ni nzito zaidi lakini inakusubiri.

Mashindano yaliyofuata nilipita ukaguzi, nikawa wa saba kati ya tisa. Nilirudi Hayes nacheka peke yangu kwenye basi. Nilimshukuru yule mzee mpaka akaniambia inatosha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na nusu kilo ya chuma tu, mbele ya mtu aliyenielewa, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Nyie mliowahi kuficha jeraha, nani aliwashtukia? Shusheni visa vyenu. Wa kunicheka kwa nafasi ya saba, pangeni foleni.