Upanga Mkono wa Kushoto

Kosara alikuwa mhakiki wa vitabu vya katuni katika gazeti moja la mji wa Niš, na vile vyenye shujaa mwanamke ndivyo alivyovichambua kama karanga. "Huyu hajawahi kumwona mwanamke akikimbia," aliandika, na mchoraji wa watu akalala na njaa. Tihomir, mumewe, aliyechora visa vya Stamena, mwanamke mwasi wa msituni, hakuambulia hata nusu sentensi ya sifa. Kosara hakutaka kusikia kwamba anampigia debe mumewe.

Na Stamena huyo alichorwa kwa sura ya Kosara mwenyewe! Miaka nenda miaka rudi alisimama jikoni kashika fagio badala ya upanga, Tihomir akichora, maharage yakiungua.

Asubuhi toleo jipya lilipotoka, alishuka kibandani kwa Radoje, muuza magazeti.

"Jirani, leo Stamena kanoga! Umempa mzee dawa gani?"

"Ya kunguni. Lete hapa."

Alilifungua palepale. Sura ilikuwa ileile, ila upanga ulikuwa mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kimejitenga. Kosara aliujua mkono ule. Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao haina mwaliko, anayekuja hupokewa, na Nevenka, binti aliyemsaidia Tihomir kupaka rangi michoro yake, alikuja kila mwaka. Ngano tamu iliyochemshwa kwa heshima ya mtakatifu aliichota kwa kushoto, kidole nje, mama mkwe akinuna. Aliyemshikia bakuli ni Kosara.

Alimkuta Tihomir anakunywa kahawa.

"Siku hizi fagio anashika nani?"

"Kosara, usianze."

"Nianze nini? Si mmeshaanza nyie!"

Hakukana. Hilo ndilo lililomkata maini Kosara, kwamba hakustahili hata uongo.

Akaketi kuandika. Alilipekua toleo lile ukurasa kwa ukurasa akitafuta kosa, walau moja, la kumzika nalo. Hakulipata. Stamena alikimbia, alicheka, alikuwa hai. Katika matoleo yote ya nyuma alikuwa mwanamke anayewaza maharage yake jikoni.

"Kwa mara ya kwanza," aliandika, "mchoraji huyu amemtazama mwanamke."

Akatia jina lake kamili, la ndoa, akaupeleka uhakiki wake gazetini.