Siku Nilipotapika Damu ya Kopo

Jamaa, sitawaficha: iko hospitali moja Lilongwe ambayo hadi leo nikipita mbele yake natazama upande wa pili, kwa sababu niliingia pale kama shujaa nikatolewa ukumbini kwa kitanda cha magurudumu, na ugonjwa wangu wote ulikuwa ujinga.

Mpwa wangu Furaha, binti wa dada yangu, alizaliwa na selimundu. Alinieleza mwenyewe siku moja hapa kambini Dzaleka, huku akipiga pasi nguo za wateja: "Mjomba, chembe nyekundu za mu damu yako zinaishi karibu miezi ine. Zangu zinapindika kama mundu, zinakwama mu mishipa, zinapasuka. Wiki mbili, tatu, zimeisha. Nikikosa maji ao malaria ikinishika, zinakufa mbio zaidi." Akasema hivyo bila kujihurumia, akageuza kola. Mimi niliyetangatanga Bukavu, Uvira hadi Kigoma nikilalamikia viatu njia nzima, nilianza kumkunjia nguo. Hebu fikirini, mifupa ya binti yule inafinyanga chembe mpya mchana na usiku bila likizo, na Jumapili anaimba kwaya kuliko sisi wenye damu ya kudumu!

Basi malaria ikamshika, damu ikashuka vibaya, akalazwa Lilongwe. Akiba ya damu ilikuwa imepungua, ndugu tukaitwa kutoa. Tulipanda gari la kanisa: mimi, dada yangu Vumilia (yeye alikuwa na mimba, hakuruhusiwa kutoa), na jirani yetu Baba Ester, fundi cherehani, aliyekuja kusindikiza tu kwa sababu anaogopa sindano kuliko risasi.

Gari likasimama Lumbadzi kutia mafuta, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikumbuka kwetu Bukavu, jinsi mama alivyowakorogea wazazi waliotoka kujifungua nyanya ya kopo ndani ya soda nyekundu, eti inarudisha damu, nikajiambia kama inarudisha basi inaongeza pia, nikanunua makopo mawili na soda, nikakoroga, nikaanza kunywa.

"Ndugu, hii yote unakunywa we peke?" aliuliza Baba Ester.

"Nataka mutoto apate damu nzito."

Kwenye ukumbi wa kutolea damu nilipita foleni nzima nikiwa na shati jeupe (langu la harusi na misiba), nikitangaza kwamba nina damu ya watu wawili, watoe yote. Halafu joto, harufu ya dawa, na yale makopo yakaanza kupanda. Yalitoka yote, kwenye shati, sakafuni, na kwenye viatu vya mzee mmoja asiye na hatia.

"Magazi! Magazi!" mama mmoja akapiga kelele, yaani damu kwa Kichewa, na Vumilia akapiga magoti: "Yesu, mutoto wangu, na sasa kaka!" Wakanilaza kitandani wakakimbia nami, na kila nilipofungua mdomo kueleza, wimbi lingine likaja. Muuguzi akainama, akanusa, akanyooka, akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba hii ni nyanya.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nilitaka kucheka, mpaka aliposema aliyetapika hatoi damu siku hiyo. Vumilia hakunitukana. Alinitazama tu, halafu akatazama mlango wa wodi.

Ndipo Baba Ester akasimama. "Aibu zote za Dzaleka umezimaliza we peke yako," aliniambia. "Mi nikilia leo, nani atanishangaa?" Akakunja mkono wa shati. Na alilia kweli, akimwita mama yake kwa sauti, lakini mkono hakuuondoa hadi mfuko ukajaa. Sijamwona mwanamume jasiri kuliko yule.

Jioni Furaha aliongezewa damu. Kesho yake alikuwa ameketi, midomo imepata rangi, na habari alishazipata.

"Mjomba, chembe za watu wengine zinaishi siku mingi kuliko zangu, ila nazo zitaisha. Siku ile utakuja na nini mu tumbo?"

"Nsima, mwanangu, ugali tu. Na maji."

"Na ule mudomo wa kujisifu?"

Nimeshatoa mara mbili tangu hapo. Nakula chakula cha kawaida, napanga foleni nyuma ya watu, na nikiulizwa nina damu kiasi gani, nanyoosha mkono wapime wenyewe.