Nauli ya Damari

Mimi Batuli sina subira na watu wa polepole, ndiyo maana nampenda Damari. Tunauza nyanya pamoja hapa barabarani, Ilula. Basi halijasimama vizuri, yeye yuko dirishani na ndoo kichwani. Siku hizi hata usingizi hapati. Mumewe, Anord, alivuka mpaka wa Tunduma mwezi uliopita, yuko Zambia.

Anord alikuwa na mdomo, jamani! Kila mkutano wa kijiji lazima asimame: hela ya mradi wa maji iko wapi? Mbona kura zilihesabiwa milango imefungwa? Zikaanza kumfuata pikipiki zisizo na namba. Damari akisikia muungurumo tu, anakimbilia komeo la mlango. Mwisho akamwambia mwenyewe, "Baba Frida, nenda. Sitaki kukuzika."

Kwetu msafiri huchangiwa, tukachanga. Na nani alitoa kutushinda wote? Kalinga, mwenyekiti wetu, yuleyule aliyekuwa akibanwa na maswali! Akambebea Anord begi mpaka kituoni, akampungia mkono huku anacheka. Tadeo na Sifaeli, wasemaji wengine, aliwasindikiza hivyohivyo. Mimi nikamsifu, eti ana huruma. Mjinga mimi!

Jana mkutanoni Kalinga alisoma mapato na matumizi, akauliza kama kuna swali. Kimya. Wakubwa waliotoka wilayani wakatabasamu, wakasema kijiji chetu kimetulia, ni cha mfano. Hapo ndipo nikaelewa. Utulivu wa Kalinga tumemlipia sisi wenyewe, nauli moja baada ya nyingine.

Damari akanyoosha mkono. Nikamvuta kanga. "Kaa chini, mdogo wangu, una watoto!"

Hakukaa. Akasema, "Hela ya mradi wa maji iko wapi?"

Kalinga hakukasirika. Heri angekasirika. Alimfuata pale aliposimama, akamshika bega. "Pole, mama. Unateseka peke yako hapa. Kwa nini usimfuate mwenzio? Tutakuchangia nauli."

Akatoa noti, akaiweka juu ya meza, kisha akatugeukia sisi.

Damari naye akatutazama. Wanawake wenzangu, machozi yakiwatoka kwa kumhurumia, wakaanza kufungua mapindo ya kanga, mmoja mmoja. Na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa namwogopea, nikafungua la kwangu.