Bualai na Bahti Elfu Kumi

Kwa miaka kumi na mmoja aliyopiga pasi katika hoteli ile ya Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, hakuna mtu aliyewahi kutaka picha ya Bualai. Kwa hiyo Fongchan aliposukuma mlango wa chumba cha kufulia akasema, "Shangazi, umekuwa staa," Bualai alidhani ni mzaha wa asubuhi. Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa ameshika shuka kwa pembe mbili, mwenzake ameshika pembe nyingine, wanailisha mashine ya kupiga pasi, na mashine ile ikishaanza kuvuta haimsubiri mtu.

"Nasema kweli. Njoo uone."

Fongchan alikuwa mhudumu wa mgahawa wa pembeni mwa bwawa, binti wa miaka ishirini na minne, hata miezi minne kazini hajatimiza. Aliipenda kazi yake na alijua Kiingereza, jambo lililowafanya wanawake wa kufua wamtumie kama kamusi. Mkononi alikuwa na karatasi nzito ya kung'aa, imekunjwa mara tatu. Nje kulikuwa na picha ya bwawa na mlima nyuma yake. Ndani, katikati kabisa, alikuwapo Bualai mwenyewe: uso umelowa mvuke, nywele zimemganda kwenye paji, meno yote nje.

Akakumbuka. Wiki kadhaa nyuma Bwana Tanakit, kijana wa masoko, alipita na simu yake akawaambia jambo la kuchekesha kuhusu soksi za wageni. Walicheka wote.

"Wameandika nini hapa chini?"

Fongchan akasita. "Mambo ya matangazo tu, shangazi."

"Soma."

"Wanasema..." Akashusha sauti. "Wanasema, 'Huyu ni Bualai. Anaishi Chiang Mai kwa bahti elfu kumi kwa mwezi, na tabasamu halimtoki. Fikiria wewe utaishi vipi kwa elfu hamsini.'"

Wenzake wakaacha shuka wakasogea kutazama, mashine ikinguruma. Bualai aliitazama ile picha kama mtu anayetazama mwizi aliyevaa nguo zake.

"Elfu kumi," alisema. "Nani kawaambia elfu kumi? Hata elfu kumi hazifiki!"

Na kweli hazikufika. Alilipwa bahti mia tatu na themanini kwa siku, siku ishirini na sita, na kabla hajazigusa bima ilikuwa imeshakata yake. Alichoshika mkononi ni elfu tisa, mia tatu na kitu. Chumba chake nyuma ya soko kilikula elfu tatu na mia mbili. Umeme mwenye nyumba aliwauzia wapangaji bahti nane kwa uniti, naye akinunua serikalini kwa nne na ushee, na ukiuliza anakwambia mlango upo wazi. Pikipiki ilikuwa bado haijaisha kulipiwa. Mama yake kule Phrao alitumiwa elfu moja na mia tano. Inthira, binti yake wa sekondari, alihitaji nauli na chakula cha mchana. Ukishatoa hayo yote, zilibaki bahti mia saba za kula watu wawili mwezi mzima, na sahani ya wali na nyama ya kukaanga barabarani ni hamsini. Ndiyo maana siku yake ya mapumziko hakuijua. Kila Jumapili alipiga pasi mashati ya watu chumbani kwake, bahti sita shati moja, feni ikiwa imezimwa ili kuokoa zile uniti za bahti nane.

Hayo hayakuandikwa kwenye karatasi.

Wakati wa chakula cha mchana alipanda ghorofani bila kuvua aproni. Bwana Tanakit alimpokea kwa furaha, viganja vimekutana kifuani, maana Bualai alimzidi umri kwa miaka ishirini na yeye alikuwa kijana mwenye adabu.

"Dada Bualai! Umeiona? Imetoka vizuri sana. Wageni wanaipenda."

"Umeniuliza lini?"

"Kuuliza nini, dada?"

"Picha yangu. Jina langu. Mshahara wangu. Umeniuliza siku gani?"

Tanakit akacheka kidogo, cheko la kutafuta njia. "Lakini dada, hii ni heshima. Tungeweza kumweka mwanamitindo. Mkurugenzi alisema hapana, tunataka mtu halisi. Hawa wageni wa kompyuta, wanaofanya kazi zao popote, wanakuja kukaa miezi sita, mwaka. Wanataka kujua maisha ya hapa ni rahisi. Hoteli ikijaa, sote tunafaidi."

"Mimi nitafaidi nini?"

"Kazi inakuwepo."

"Kazi ilikuwepo kabla hujajua kufunga tai."

Kijana akasema jambo ambalo, kwa maoni yake, lingemtuliza: Jumamosi saa nne asubuhi kulikuwa na hafla ya kuwakaribisha wageni wa ghorofa mpya. Walikuwa wanamtaka Bualai awepo, amevaa sketi na shali za kienyeji za kaskazini, asalimie tu. Angepewa bahti mia tano.

Bualai alikuwa tayari kumtupia ile karatasi usoni. Lakini mia tano ilikuwa umeme wa mwezi. Alisema, "Nitakuja," akashuka ngazi akijichukia kila kidato.

Jumamosi ilikuwa siku nzuri ya Desemba, baridi imeingia, hewa bado safi, miezi miwili kabla ya moshi wa mashamba yanayochomwa kuufunika mlima. Wageni kama ishirini walikaa pembeni mwa bwawa na kompyuta zao mapajani. Walikunywa kahawa ya barafu, glasi moja bahti mia moja na arobaini. Bualai aliijua bei kwa sababu Fongchan alimwambia. Alisimamishwa karibu na meza ya maua, sketi ya kukodi inambana kiuno, mkononi kawekewa kikapu cha maembe ambayo si yake.

Tanakit alizungumza kwa Kiingereza, akamwonyesha kwa mkono. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja mwenye miwani myekundu akainua mkono, akauliza swali.

"Anauliza," Tanakit alimgeukia Bualai, "kama ni kweli elfu kumi zinakutosha."

Labda mama yule aliuliza kwa wema. Bualai hakujua, wala hakujali. Aliona tu kwamba kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe pale mtu alikuwa amemuuliza, akamjibu.

"Mwambie hazitoshi. Mwambie wala si elfu kumi. Mwambie nakula wali wa kunata na pilipili ya kuponda siku nne kwa wiki, na mwanangu anadhani siipendi nyama. Jino langu hili limeoza tangu mwaka jana, bima inalipa mia tisa kwa mwaka mzima na daktari anataka elfu saba. Na mwambie chumba changu kinapanda mia tatu kuanzia Januari, kwa sababu mwenye nyumba kasikia wageni wanakuja na wanalipa zaidi. Mwambie hayo yote."

Tanakit aliwageukia wageni akitabasamu, akasema maneno manne au matano. Wageni wakacheka kwa upole. Wawili wakapiga makofi tena.

Damu ikampanda Bualai mpaka masikioni.

"Wewe," alisema. "Mimi nimesema kapu zima, wewe umetoa kijiko. Mengine umeyapeleka wapi, umeyameza?"

"Dada, tafadhali, nimefupisha..."

"Umefupisha! Njaa yangu unaifupisha?"

"Dada Bualai, punguza sauti. Tuko mbele ya wageni."

"Ndiyo maana naongea! Nyuma yao nimeongea miaka kumi na mmoja, nani kasikia?"

Hapo ndipo sinia ilipogonga meza. Fongchan alikuwa amesimama na glasi sita za maji ya mchaichai. Aliiweka sinia, akajifuta mikono kwenye aproni, akaanza kusema kwa Kiingereza. Hakupaza sauti wala hakutazama mtu usoni. Alisema wali, akasema jino akigusa shavu lake mwenyewe, akasema kodi. Bualai hakuelewa neno hata moja, ila alielewa kwamba safari hii maneno yalikuwa mengi kama yake. Aliona matabasamu yakishuka moja baada ya jingine. Mwanamke wa miwani myekundu aliitazama kahawa yake. Kijana mmoja alifunga kompyuta akaondoka, labda kwa aibu, labda kwa kuchoshwa. Mzee mmoja aliuliza kitu na hakuna aliyemjibu. Kisha muziki ukawashwa.

Bualai akakitua kikapu chini. Zile bahti mia tano hakupewa.

Jumatatu aliitwa na Bi Rujira, mkuu wa wafanyakazi, mwanamke wa rika lake, mpole, mwenye manukato ya jasmini. Mezani palikuwa na karatasi moja na kalamu imeshafunguliwa.

"Dada, sote tumeumia," alianza. "Lakini mkurugenzi amekasirika sana. Naona ni vema ukapumzika. Hapa ni barua tu ya kuomba kuacha kazi. Ukisaini, nitakuandikia sifa nzuri na hoteli yoyote itakuchukua."

Bualai aliisoma barua polepole, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Binamu yake alikuwa amefanya kazi kiwandani Lamphun, akasaini barua kama hiyo hiyo kwa machozi, akatoka na mfuko wa nguo zake na hakuna kingine. Alipokwenda ofisi ya kazi waliguna tu: umeacha mwenyewe, mama.

"Mimi siombi kuacha," alisema.

"Dada..."

"Mnataka nitoke? Andikeni ninyi. Andikeni 'tumemfukuza Bualai', mpige mhuri, hapo nitasaini kwamba nimeipokea. Kisha mnilipe siku zangu mia tatu za kisheria. Miaka kumi na mmoja si miezi miwili. Ni laki moja na elfu kumi na nne, nimeshapiga hesabu."

Bi Rujira akaegemea kiti. Upole ulikuwa umemwisha. "Unajiona mjanja sana, eti?"

"Ningekuwa mjanja ningekuwa upande huo wa meza."

"Hata mimi nina mkopo wa nyumba, Bualai. Usidhani niko hapa kwa kupenda."

"Basi tungekuwa tunagombana na watu wengine, si mimi na wewe."

Bi Rujira akaifunika kalamu.

Hawakumfukuza. Laki moja na zaidi waliiona ni nyingi kuliko aibu. Walimwondoa kwenye pasi wakampeleka upande wa maji, kwenye mashine kubwa ambako shuka zilizolowa humvuta mtu mabega mpaka jioni hawezi kuchana nywele. Alikwenda bila neno. Asubuhi ya kwanza alipiga teke ndoo ikavuka chumba, kisha akaifuata, akaiinua, akaendelea na kazi.

Lakini Fongchan alikuwa katika siku za majaribio, na mtu wa majaribio hadai kitu. Siku yake ya mia moja na kumi aliambiwa na mlinzi asiingie.

Bualai alikwenda kumwona Jumapili ya wiki ile ile, mashati ya watu akayaacha kwenye kamba. Alimkuta akiosha viatu mbele ya chumba chake.

"Mdomo wangu umekuponza, mwanangu," Bualai alisema. "Mimi nimebaki, wewe umetolewa. Ningejua ningekaa kimya na maembe yao."

Fongchan alisugua kiatu kwa nguvu zaidi. Alikuwa na hasira, tena hakuificha.

"Shangazi, usinifanye mtoto wa kuonewa huruma. Mimi sikukusemea wewe. Unajua mara ngapi nimesimama pale na sinia, nasikia wanaambiana mji huu ni bure, watu wake hawana shida, wanacheka tu? Nimelisikia neno hilo kwa Kiingereza kila siku, na mimi natabasamu nauliza kama wanaongeza barafu. Bora wewe ulikuwa huelewi!"

Bualai akakaa kizingitini, akachukua kiatu cha pili na brashi.

"Wamekulipa siku zako za mwisho?" aliuliza baadaye.

"Wamekata sare. Mia nane."

"Sare? Hata sisi wanatukata sare. Kila mwaka."

Waliangaliana.

Wiki iliyofuata wanawake saba wa kufua, Bualai akiwemo, pamoja na Fongchan, walikwenda ofisi ya kazi na stakabadhi zao za mishahara ndani ya mfuko wa plastiki. Fongchan ndiye aliyeandika malalamiko. Mkaguzi, bwana mchovu mwenye kikohozi, alisoma, akauliza mara mbili kama kweli walikatwa sare, na kama walisaini popote kukubali. Hawakusaini popote. Ilichukua mpaka Februari, moshi umeshaingia, wageni wa kompyuta wamehamia baharini. Hoteli ikarudisha bahti elfu mbili na mia tatu kwa kila mmoja wa wale saba, na mia nane za Fongchan. Kazi hakurudishiwa. Alipata nyingine kwenye duka la kahawa karibu na chuo, bahti mia nne kwa siku, kusimama kwa saa kumi.

Karatasi za kung'aa zilichapishwa upya. Mahali pa uso wa Bualai waliweka paa la hekalu. Ile elfu kumi waliiacha.

Siku alipopokea fedha zake, Bualai alipita kwa mwenye nyumba, chini ya jengo lile lile, kulipa nyongeza ya mia tatu aliyokuwa anadaiwa tangu Januari. Yule mama alizihesabu, akaandika risiti, akamwambia kwa kumbembeleza, "Usinung'unike, dada. Mbona mji huu maisha bado ni nafuu?"

Bualai aliikunja risiti, akaitia mfukoni.

"Nafuu kwa nani?" alisema. "Nionyeshe bili yako ya umeme. Ile ya serikali. Ilete hapa mezani."

"Ya nini?"

"Ilete. Nitakaa hapa nikingoja, na wapangaji wenzangu wanakuja."

Akavuta kiti, akakaa. Nyuma yake, kwenye ngazi, milango ya wapangaji ilikuwa inafunguka.