Rufaa ya Muuaji wa Dada Yangu

Katanga ilikuwa imejitenga tayari dada yangu alipouawa. Alikuwa wa tatu kuuawa. Wote walikuwa wanawake waliobeba makaa kutoka Kasungami kwenda kuuza mjini, na wote walikutwa vichakani na kamba ya mfuko shingoni. Fundi mmoja wa baiskeli alikamatwa, na korti ikaamua anyongwe.

Baba alisema matanga hayatafungwa mpaka mtu huyo afe. Kwetu, matanga yakifungwa, mume wa marehemu hupakwa unga mweupe ili kifo kimwachie, kisha hupewa mdogo wa mkewe. Mdogo alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na shemeji alikuwa na mvi.

Muuaji alipokata rufaa, baba alirudi kutoka kortini amemkasirikia wakili wa mtu huyo.

"Avoka yake anasema bashahidi banadanganya. Banaanza tena ku mwanzo!"

"Na mukwe wetu atangoja mpaka siku gani?" mama aliuliza. "Mutoto ya marehemu iko analia."

"Angoje. Kesi haiyaisha bado."

Niliinama juu ya sufuria ya bukari, ugali wetu, wasione uso wangu. Nilikuwa nimefurahi.

Shemeji alikuja kila Jumapili. Hakuwa mtu mbaya. Alionja bukari yangu, akasema mbele ya wote, "Bibi yangu mudogo, hii bukari ni ya kula ao ya kujengea nyumba?" Walicheka. Mimi nilitazama chini.

Halafu vita vikaingia mjini, ndege zikapita juu yetu, korti ikafungwa. Katika sala ya nyumbani baba aliomba hukumu itimizwe. Mimi, macho yamefumbwa, niliomba aliyemnyonga dada yangu aishi. Sikuwahi kumwambia padri.

Korti ilipofunguliwa, rufaa ilikataliwa. Likabaki ombi la msamaha kwa rais. Nikaanza kumwombea rais pia.

Asubuhi moja tulikuwa tunachekecha unga, jirani yetu, askari wa gereza, akasimama uani.

"Ilikwisha, baba. Balimunyonga."

Baba alikaa chini akaomba wembe anyoe ndevu za matanga. Mama alijaza unga sahani.

Shemeji aliletwa siku ile ile. Shangazi alimpaka unga kwenye paji la uso, kisha akanipaka mimi. Ndipo nikalia kwa sauti, mimi niliyekuwa naona haya hata kuimba kanisani.

"Mumuache alie," shangazi aliwaambia watu. "Dada yake, hayamulilia bado."

Jua lilipopungua nilitoka nikimfuata shemeji, kwenda kwake.